LibreOffice inakusumbua? Dalili, sababu na namna ya kuzitatua

Malalamiko kuhusu LibreOffice, programu ya ofisi ya kuandikia hati na kutengenezea majedwali, yanafanana mno. Mtu anafungua barua aliyotumiwa na ofisi nyingine, anakuta kurasa nne zimekuwa tano. Mwingine anaandika Kiswahili, ukurasa mzima unajaa mistari myekundu. Wa tatu anajumlisha mauzo ya mwezi na jibu linakuja sifuri. Wote wanaishia kusema programu ni mbovu, kisha wanatafuta Word iliyochakachuliwa, na mara nyingi inakuja na virusi vyake.

Nimewasaidia watu wengi wenye kero hizi, na sehemu kubwa chanzo huwa mipangilio. Programu inapowekwa kwa haraka hubaki ikimhudumia mtu anayeandika Kiingereza cha Marekani na kuchapisha kwenye karatasi za Marekani. Ukiigeuza ikufae wewe, inakaa hivyo. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Katika kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi, nikashuka hadi ile ya nadra. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa wengi wetu tunatumia programu ikiwa kwa Kiingereza. Kwenye Mac, palipoandikwa Tools > Options fungua LibreOffice > Preferences.

Kabla hujagusa chochote

Nakili faili lenye tatizo, uliweke kwenye folda nyingine, na majaribio yote uyafanye kwenye nakala hiyo. Halafu fungua Help > About LibreOffice usome toleo lako. Ukikuta jina ni Apache OpenOffice, basi unatumia programu nyingine: hizi mbili zilitengana kuanzia mwaka 2010, na OpenOffice inaweza kufungua faili la docx, yaani la Word, lakini haiwezi kulihifadhi katika muundo huo. Hapo usihangaike na dalili zilizo chini. Pakua LibreOffice kwenye libreoffice.org. Ni bure. Haina leseni ya kununua wala namba ya siri ya kuiamsha, kwa hiyo tovuti inayokudai ada ya leseni ifunge.

"Vitufe vimepotea" au "sioni kitu nilichozoea"

Sababu ya kwanza ni kubonyeza Ctrl+Shift+J bila kujua. Hiyo hujaza skrini nzima na kuficha menyu. Bonyeza tena, kila kitu kinarudi.

Kama sivyo, angalia View > Toolbars uhakikishe Standard na Formatting zina alama ya tiki. Mtu aliyetumia kompyuta kabla yako huenda aliziondoa.

Sababu ya tatu huwapata zaidi waliotoka kwenye Word. Wamezoea vichupo vipana juu ya ukurasa, hapa wanakuta menyu za kushuka na safu za vitufe vidogo. Fungua View > User Interface, uchague Tabbed, kisha ubofye kitufe cha kuitumia kwa programu zote. Mpangilio huu ulitoka kwenye majaribio katika toleo la 6.2, mwaka 2019, kwa hiyo kompyuta yenye toleo la zamani zaidi inahitaji kusasishwa kwanza. Ukishauchagua, menyu za zamani zinaweza kujificha. Bofya kitufe chenye mistari mitatu juu upande wa kulia kuzirudisha. Kwa ofisi yenye watu wa rika mbalimbali, mimi hushauri kila mtu achague mpangilio wake. Mhasibu aliyezoea menyu za kushuka kwa miaka kumi usimlazimishe vichupo.

Ikoni ni ndogo mno? Nenda Tools > Options > LibreOffice > View, ongeza ukubwa wa ikoni. Kwa macho yanayochoka, hatua hii moja inaleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha kompyuta.

Na kama unajua jina la kazi unayoitaka lakini hujui iko menyu gani, bonyeza Shift+Esc. Kinatokea kisanduku cha kutafutia. Andika neno, chagua. Matoleo ya miaka ya karibuni yote yanacho, na nasikitika kwamba wachache sana wanakijua.

Ikiwa vitufe bado vinagoma au vinaonekana vimevunjika, nenda Help > Restart in Safe Mode. Programu itajifungua bila nyongeza wala mipangilio yako. Tatizo likitoweka hapo, kosa liko kwenye mipangilio binafsi. Katika dirisha hilohilo chagua kurejesha mipangilio na mwonekano wa mwanzo. Usikimbilie kufuta wasifu wote wa mtumiaji: ndani yake mna kamusi yako binafsi, violezo vyako na makro zako (amri ulizorekodi ili kazi ijirudie yenyewe). Kwanza nakili folda hiyo. Kwenye Windows iko %APPDATA%\LibreOffice\4\user, na kwenye Linux iko ~/.config/libreoffice/4/user.

"Hati ya Word imevurugika"

Hii ndiyo kero inayoongoza, nami nitaikalia kidogo.

Anza na fonti. Hati nyingi za Word zimeandikwa kwa Calibri au Cambria, fonti za Microsoft ambazo kompyuta ya Linux kwa kawaida haina. Fonti ikikosekana, LibreOffice inaweka nyingine mahali pake. Ikiwa herufi za hiyo nyingine ni pana zaidi kidogo, mistari inavunjika mapema, aya zinarefuka, na sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa inasukumwa ukurasa wa pili. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: weka kishale ndani ya maandishi na utazame kisanduku cha jina la fonti. Jina likiwa limelala kwa italiki, fonti hiyo haimo kwenye kompyuta yako.

Dawa ni fonti mbadala zenye upana uleule wa herufi. Carlito inashika nafasi ya Calibri, Caladea ya Cambria, Liberation Serif ya Times New Roman, Liberation Sans ya Arial. LibreOffice iliyopakuliwa kwenye tovuti yake huja nazo. Iliyokuja na Linux mara nyingine huziacha nje. Kwenye Ubuntu na Debian sakinisha vifurushi fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, ufunge programu, ufungue tena. Huna haja ya kubadilisha jina la fonti ndani ya hati. Ubadilishaji hufanyika wenyewe wakati wa kuonyesha, na mwenzako akifungua kwenye Word ataiona Calibri yake kama alivyoiacha.

Hati za Word mpya huenda zikatumia Aptos, fonti iliyochukua nafasi ya Calibri. Mbadala wake wenye upana uleule hauji na LibreOffice. Mwombe mtumaji atumie fonti nyingine, au aipachike fonti ndani ya faili kabla ya kutuma.

Sababu ya pili ni namna hati yenyewe ilivyoandikwa. Bonyeza Ctrl+F10 uone alama zilizofichika. Ukikuta nukta ishirini mfululizo mbele ya jina la mkurugenzi, aliyeandika alisogeza maneno kwa kubonyeza nafasi. Ukikuta alama za aya kumi na tano tupu, alishuka ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter. Hati ya namna hiyo huvurugika popote, hata kwenye Word ya toleo jingine. Ipangie upya: ukurasa mpya ni Ctrl+Enter, kuweka katikati au kulia ni vitufe vya mpangilio wa aya, na safu mbili za sahihi zikae kwenye jedwali lisilo na mistari. Maandishi yaliyobandikwa kutoka WhatsApp au tovuti na kuja na rangi zake, yachague ubonyeze Ctrl+M. Mara nyingine bandika kwa Ctrl+Shift+Alt+V ili yaje matupu.

Sababu ya tatu: hati imekwenda na kurudi. Kila ikihifadhiwa kama docx upande huu na kufunguliwa upande ule, visanduku vya maandishi, picha zinazoelea na namba za vichwa hupata mikwaruzo midogo inayolimbikizana. Hifadhi nakala yako ya kazi katika ODT, muundo wa LibreOffice yenyewe ambao umekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, kisha toa nakala ya kutuma. Anayepaswa kusoma tu mtumie PDF kupitia File > Export As. Anayepaswa kuhariri mtumie docx. Ukifanya hivi tu, ugomvi mwingi kati ya ofisi na ofisi unakwisha.

Simama hapa kama hati ni fomu rasmi ya zabuni, mkataba wenye marekebisho ya mawakili, au faili lenye makro za Excel. Makro za Microsoft hufanya kazi kwa sehemu tu ndani ya LibreOffice, na hesabu inaweza kutoka na jibu lisilo sahihi bila onyo. Kazi ya namna hiyo ifanyike kwenye programu iliyoiunda, au aitwe mtaalamu wa kuhamisha makro.

"Kila neno la Kiswahili lina mstari mwekundu"

Angalia chini ya dirisha, kwenye upau wa hali. Nadhani utasoma English (USA). Programu inakagua Kiswahili chako kwa kamusi ya Kiingereza, na inafanya kwa uaminifu kazi ambayo hukuituma.

Bofya hapo, uchague Kiswahili kwa maandishi yote. Ili isikusumbue kesho, nenda Tools > Options > Languages and Locales > General, na kwenye lugha ya hati weka Swahili (Tanzania). Katika orodha, lugha yenye kamusi ina alama ndogo ya tiki pembeni. Msomaji wa Kenya ataliona pia jina la nchi yake. Likiwa halina alama, atumie la Tanzania.

Je, hakuna alama popote? Basi kamusi haikusakinishwa. Kisakinishi cha Windows, ukiacha uchaguzi wa kawaida, huweka kamusi zinazolingana na lugha ya kompyuta tu. Kifungue tena, uchague Modify, ingia kwenye sehemu ya kamusi za hiari, uitie Kiswahili alama. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi kinaitwa hunspell-sw.

Hata kamusi ikiwepo, mistari haitakwisha yote. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na mnyambuliko ndani ya neno moja, na *hawakutuandikishia* linaweza kupigiwa mstari ilhali ni sahihi kabisa. Bofya kitufe cha kulia, uliongeze kwenye kamusi binafsi. Katika ofisi, kamusi hiyo ya mtu mmoja inaweza kunakiliwa kwenye kompyuta zote, na majina ya watu, kata na vijiji yakaacha kuonekana kama makosa.

Pamoja na mistari myekundu, kuna kero tatu ndogo zinazoletwa na usahihishaji wa moja kwa moja. Unabonyeza Enter na neno linajimalizia lenyewe: fungua Tools > AutoCorrect Options, kichupo cha Word Completion, ondoa tiki. Unaandika *n.k.* au *k.m.* na neno linalofuata linaanza kwa herufi kubwa: katika dirisha hilo chagua kwanza lugha ya Kiswahili juu, kisha kichupo cha Exceptions, uongeze vifupisho vyako. Maneno yanabadilishwa kuwa ya Kiingereza: lugha ya aya hiyo bado haijageuzwa, rudi kwenye upau wa hali.

Kazi ya Kiswahili ndani ya programu hizi ina historia ya kujivunia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Leo tafsiri za LibreOffice hufanyika wazi kwenye mfumo wa Weblate wa Document Foundation, taasisi inayoisimamia programu hii, na yeyote mwenye Kiswahili kizuri na muda wa jioni anaweza kuchangia. Tunahitaji watu hao.

"Nikijumlisha napata sifuri" na vituko vingine vya namba

Sababu inayoongoza kwetu ni alama ya /=. Mtu anaandika 45,000/= kwenye seli kama anavyoandika kwenye risiti. Kwa Calc, programu ya majedwali ndani ya LibreOffice, hayo ni maneno, na SUM, kanuni ya kujumlisha, huyaruka maneno. Bonyeza Ctrl+F8: namba halisi zinageuka buluu, maandishi yanabaki meusi, kanuni zinakuwa kijani. Kwa sekunde chache umejua tatizo liko wapi.

Kurekebisha, chagua safu yote, bonyeza Ctrl+H, tafuta /= na uache nafasi ya kubadilishia wazi, ukiweka utafutaji ndani ya uchaguzi tu. Fanya vivyo hivyo kwa TSh au KSh iliyoandikwa kwa mkono. Zikiwa namba tupu, nenda Format > Cells na kwenye msimbo wa muundo andika #,##0"/=". Seli itaonyesha 45,000/= huku ndani ikiwa na namba inayojumlishika. Wote wanafurahi, mhasibu na kompyuta.

Kama hakuna alama yoyote lakini namba bado ni nyeusi, tazama kwenye mstari wa kuingizia: huenda kuna alama ya kudokoa (') mbele yake, kwa kawaida ikiletwa na data iliyonakiliwa kutoka mfumo mwingine. Chagua safu, fungua Data > Text to Columns, bofya OK bila kubadili kitu. Ikikataa, seli zimepewa muundo wa Text. Zirudishe kwenye muundo wa namba kwanza, kisha urudie.

Sababu ya tatu ni ya hatari kwa sababu haionekani. Kompyuta iliyowekwa kwa mipangilio ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi Kongo na Burundi, husoma mkato kama alama ya desimali. Ukiandika 45,000 inaelewa arobaini na tano. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Jumla tu itakuwa ndogo mara elfu. Kagua Tools > Options > Languages and Locales > General, mstari wa Locale setting, na ofisi nzima ikubaliane mpangilio mmoja kabla ya kuunganisha mafaili.

Kanuni ikikupa #NAME?, jina la kazi limekosewa. Err:508 ni mabano yasiyolingana. #REF! ni seli iliyofutwa wakati kanuni inaitegemea. Alama za ### ni safu nyembamba tu. Bofya mara mbili kwenye mpaka wake juu. Kanuni inayokataa mkato kati ya vipengele, jaribu nukta mkato, ambayo Calc huikubali siku zote. Na jumla isiyobadilika ukibadilisha namba, angalia Data > Calculate kama AutoCalculate imezimwa, halafu bonyeza Ctrl+Shift+F9 kukokotoa upya kila kitu.

Sasa namba za simu na za vitambulisho, ambazo zimeharibu orodha nyingi za wanachama na wanafunzi. Ukiandika 0712 na kuendelea, sifuri ya mbele inaondoka, kwa kuwa namba haina haja ya sifuri mbele. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ni mbaya zaidi. Ina tarakimu 20, nayo Calc, sawa na Excel, huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 hivi tu. Tarakimu za mwisho zinageuka sifuri, au namba nzima inaonyeshwa kwa mtindo wa kisayansi wenye herufi E. Tarakimu zilizopotea hivyo hazirudi kwa kubadilisha muundo wa seli. Inabidi urudi kwenye karatasi au chanzo cha awali.

Kinga yake: kabla ya kuandika, chagua safu, Format > Cells, uchague Text. Ukifungua faili la CSV, kama taarifa ya benki au ya miamala ya simu, Calc inakuletea dirisha la kuingizia; usilipite kwa kubofya OK. Bofya kichwa cha safu ya simu au kitambulisho, ubadilishe aina yake iwe Text. Herufi zikionekana za ajabu, chagua UTF-8 juu ya dirisha hilohilo.

Kama orodha iliyoharibika inahusu mishahara, mikopo ya kikundi au matokeo ya mitihani, acha kuihariri sasa hivi. Tafuta nakala ya zamani, na umwite mtu wa hesabu alinganishe mstari kwa mstari kabla fedha haijatoka.

"Printa inakata maandishi" au "inaomba karatasi nisiyonayo"

Printa inayowaka taa na kudai Letter inasema ukweli: hati yako imepangwa kwa karatasi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279, wakati ulichoweka ni A4, milimita 210 kwa 297. Nenda Format > Page Style > Page, uchague A4. Kisha badilisha Locale setting iliyotajwa juu isiwe English (USA), maana ndiyo inayoleta Letter kwenye kila hati mpya. Unaweza pia kuhifadhi hati tupu ya A4 kupitia File > Templates > Save as Template na kuiweka kuwa kiolezo cha kudumu.

Jedwali la Calc linalotoka vipande kwenye kurasa kumi lina dawa yake: Format > Page Style, kichupo cha Sheet, sehemu ya Scale, upana ukurasa mmoja, urefu uache wazi. Na ukipeleka kazi steshenari, peleka PDF. Kompyuta ya pale huijui ina fonti gani.

Karatasi ikikwama mara kwa mara au wino ukitoka kwa mistari, tatizo limekwishatoka kwenye programu. Mwachie fundi wa printa.

"Faili linasema limefungwa na mtu mwingine"

Kwanza uliza kama kweli mwenzako hajalifungua, hasa kama liko kwenye folda ya pamoja. Mkifungua wawili na kila mmoja akahifadhi, kazi ya mmoja itafutika.

Kama hakuna mtu, chanzo mara nyingi ni umeme uliokatika. LibreOffice ikifungua hati huweka pembeni yake kifaili kidogo cha kufuli, jina lake likianza na .~lock na kuishia na alama ya #. Kompyuta ikizimika ghafla kifaili hicho kinabaki. Funga programu, ingia kwenye folda, onyesha mafaili yaliyofichwa (kwenye Linux nyingi ni Ctrl+H), ufute kifaili cha kufuli peke yake. Angalia vizuri usifute hati yenyewe.

Kikikataa kufutika kwenye Windows, programu bado inaendelea kimyakimya nyuma. Fungua Task Manager, utafute soffice.bin, uisimamishe.

Umeme ukirudi na programu ikakuletea dirisha la kurejesha hati, subiri imalize, usibofye Discard kwa haraka ya kufika kwenye kazi. Dirisha lisipotokea, soma njia ya Backups kwenye Tools > Options > LibreOffice > Paths, nenda kwenye folda hiyo, utafute faili lenye jina la hati yako likiishia na .bak. Linakili, ubadilishe mwisho uwe .odt au ule wa awali, ulifungue.

Kinga iko Tools > Options > Load/Save > General: muda wa kuhifadhi taarifa za urejeshaji huja ukiwa dakika 10, upunguze uwe 3 au 5 kama mtaani kwenu umeme hautabiriki, na uweke tiki kwenye kutunza nakala ya akiba. Kuanzia toleo la 24.2 vyote viwili huja vikiwa vimewashwa, sababu nzuri ya kusasisha.

"Inachelewa kufunguka" au "inakwama katikati"

Mara nyingi ni hati yenye picha nzito za simu, zilizobandikwa zikiwa na ukubwa wake wote. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, uchague Compress. Ikiwa hata hati tupu inachelewa, ondoa nyongeza usizotumia, kisha nenda Tools > Options > LibreOffice > Advanced uzime Java. Kazi za kawaida za Writer (programu ya kuandikia hati) na Calc haziihitaji, isipokuwa hifadhidata ya Base na mambo machache. Kwenye Windows, dirisha linalochoreka vibaya au kuganda hupona kwa kulazimisha Skia, sehemu inayochora dirisha, itumie programu badala ya kadi ya picha. Tiki yake iko sehemu ya View ya mipangilio. Mwisho jaribu Safe Mode kama ilivyoelezwa mwanzoni.

Ikikwama kila mara kwenye hatua ileile, hapo sasa ni kasoro ya programu, na inafaa kuripotiwa kwenye bugs.documentfoundation.org. Andika toleo lako, hatua moja baada ya nyingine, ulichotarajia na kilichotokea, na uambatishe faili dogo lisilo na taarifa za watu. Hata ugumu wa kutumia unaripotiwa huko, kama kitufe kisichoonekana au maneno yasiyoeleweka. Wanaosanifu programu hawawezi kujua kwamba mtu wa Mtwara anaandika /= mpaka aliyeko Mtwara aseme.

"Hati haifunguki kabisa"

Programu ikisema faili limeharibika na kuomba ruhusa ya kulitengeneza, kubali, lakini kwenye nakala. Ikishindwa, tambua kuwa faili la ODT ni furushi la zip: lifungue kwa programu ya zip, na ukikuta content.xml ndani, maneno yako yapo hata kama mpangilio umepotea. Ukiombwa nenosiri ulilolisahau, hakuna mlango wa nyuma. Anayekuahidi kulifungua kwa dakika tano asipewe fedha wala faili.

Ukubwa wa faili ukisomeka sifuri, au flashi ikiomba kufomatiwa, au diski ikitoa mlio wa kugonga, acha mara moja. Usihifadhi kitu kingine humo, usikubali kufomati, usijaribu programu za kurejesha ulizozipakua ovyo, kwa sababu kila kinachoandikwa juu yake kinaweza kufunika kile unachokitafuta. Chomoa flashi. Kama ni diski ya kompyuta, izime. Mpelekee fundi wa kurejesha data, umweleze jina la faili, mara ya mwisho lilipofunguka vizuri, na yote uliyokwisha kujaribu.